Bibi Sufuria

Swali lenyewe lilikuwa dogo, na aliyeliuliza hakuwa na nia mbaya.

"Huyu wa hadithi yako aliyekwenda kuomba moto," Koti alimwuliza Kasuku kupitia kioo cha kompyuta, "ni mwanamume au mwanamke?"

Kasuku alicheka kile kicheko cha mwenyeji anayeulizwa na mgeni kitu cha wazi. Lakini kusema kweli hata yeye hakujua. Hadithi hiyo aliisikia tangu hajaweza kufunga vifungo vya gauni lake, akaisikia mara nyingi hata akawa anamtangulia msimuliaji na kumaliza sentensi kabla yake. Lakini hakuwahi kujiuliza kama wale watu wawili walikuwa mume na mke, au ndugu, au maswahiba tu. Walikuwa mtu na mwenzake. Mmoja alitoka, mmoja alibaki. Kiswahili kimetupa hiyo herufi moja, "a", tunaibandika mbele ya kitenzi na mambo yanakwenda: alitoka, alisubiri, alilia. Kama amevaa suruali au gauni, shauri yake.

Lugha ya Koti haikuwa na ukarimu huo. Kwao, Koti alieleza huku akipuliza vidole vyake kwa baridi, hata kitenzi ni mbeya. Huwezi kuandika kwamba mtu ametoka mpaka uamue kwanza ni mtu wa namna gani. Hata hicho Kiingereza walichokuwa wanazungumza darasani kilitaka kujua.

"Mwanamume," Kasuku akasema. "Aliyetoka ni mume. Aliyebaki na sufuria ni mkewe."

Aliona inaingia akilini. Nani mwingine anabaki na sufuria?

"Una hakika?" akauliza Mama Mapacha, ambaye alikuwa akijua Kiswahili kama yeye. "Maana wewe mwenyewe ulipotusimulia ulisema mtu na mwenzake."

"Dada, mimi ndiye niliyelelewa na hadithi hiyo," Kasuku akamjibu, na hapo mjadala ukafungwa.

Hapo ndipo alipokosea. Na kama angekosea hapo akanyamaza, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini jina la Kasuku hakupewa bure.

Walikuwa wanne. Vyuo vya nchi mbalimbali vilikuwa vimeungana kufundisha somo moja la fasihi kwa njia ya mtandao, na mhadhiri akawagawa wanafunzi katika makundi, kila kundi na watu wake wa kutoka pembe za dunia. Koti alipewa jina hilo kwa sababu hawakuwahi kumwona bila koti. Chumba chake kilikuwa na baridi hata pua yake ilikuwa nyekundu wakati wote. Paka alikuwa kijana mpole, mchoraji, ambaye paka wake alipenda kupita mbele ya kamera na kuwafunika wote kwa mkia. Mama Mapacha alikuwa mkubwa kuliko wao. Aliacha masomo akazaa, akarudi masomoni na watoto wake wawili, ambao walikaa chini ya meza yake wakivuta nyaya. Majina haya yote aliyatunga Kasuku, akayaeleza, na wenyewe wakayapenda wakawa wanaitana hivyo hivyo.

Kazi yao iliitwa "Kilichopotea Njiani". Kila mmoja alete hadithi iliyosimuliwa nyumbani kwao, isiyopata kuandikwa, aisimulie kwa Kiingereza. Wenzake waipeleke katika lugha zao. Kisha wakae watafute ni nini kimedondoka safarini. Wenzake walipata shida kukumbuka. Kasuku hakupata shida, maana nyumbani kwao hadithi ilikuwa moja tu.

Baba yake alikuwa fundi makochi. Chumba cha mbele cha nyumba yao, ambacho kwa watu wengine kingekuwa sebule, kilikuwa karakana: makochi yaliyochunwa ngozi, springi zimetoka nje, marundo ya sponji, vitambaa vilivyokunjwa mpaka darini. Baba alifanya kazi huku misumari midogo ameibana midomoni, anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuigonga, kwa hiyo maneno yake mengi yalipitia pembeni mwa mdomo. Akifungua kochi la zamani alikuta ndani yake vitu vya watu: pini, vifungo, hereni moja isiyo na mwenzake. Vyote aliviweka kwenye kopo na kuwarudishia wenyewe. Mteja mwenye haraka, Baba alimtania, "Kaa basi, au umekuja kuomba moto?"

Mtandao ulishika vizuri chumba hicho cha mbele kuliko kwingine, kwa hiyo Kasuku alisomea humo humo, kati ya sponji na springi. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa mlango. Mlango wa mbele wa nyumba ile haukufungwa mpaka watu waende kulala. Vumbi liliingia, mvua iliingia, mbuzi wa jirani aliwahi kuingia akala kipande cha kitambaa cha mteja. Kasuku alipokuwa na darasa aliufunga ili wenzake wasisikie honi na wauza bidhaa. Akigeuka, Baba ameshaufungua.

"Baba, hawanisikii."

"Ongea kwa nguvu."

"Kwani tukiufunga kidogo kuna nini?"

"Wateja watadhani tumefunga," Baba alijibu kwa pembeni mwa mdomo, na nyundo ikaendelea.

Mama hakuwepo. Alikuwa ameondoka Kasuku hajaota meno, na habari zake zote zilitoshea katika maneno matatu: "Mama yako alisafiri." Kasuku alikua akiamini kwamba nyumba nyingine zina picha ukutani, na yao ina sentensi.

Na hii ndiyo hadithi ambayo Baba alimsimulia kila walipozima taa, akigonga kopo la misumari kama ngoma.

"Mmelala?" aliuliza, ingawa mtoto alikuwa mmoja.

"Bado!"

"Basi hadithi nayo bado iko njiani. Haya, imefika. Palikuwa na mtu na mwenzake. Walikuwa na sufuria moja, mlango mmoja, na njaa ya kugawana. Siku hiyo sufuria imewekwa mekoni, maji yametiwa, kumbe moto umezimika. Mwenzake akasema, 'Ngoja, naenda kuomba moto kwa jirani. Usifunge mlango, maana mwenye kubeba moto hana mkono wa kubishia hodi.' Akatoka. Kwa jirani wa kwanza, moto hakuna. Kwa wa pili upo, lakini wenyewe wachoyo. Wa tatu akamwambia, nenda mbele kidogo, wapo wenye moto mkubwa. Akaenda mbele kidogo. Na mbele kidogo, mwanangu, haina mwisho. Yule aliyebaki, kila kukicha anamwaga maji ya jana, anatia mapya. Watu wakipita wanamwuliza, 'Wewe bwege, unapika nini?' Anajibu, 'Sijui bado. Moto haujafika.'"

Kwenye "moto haujafika" Baba aligeuza uso wake ukawa wa zuzu, macho pembeni, mdomo wazi, na Kasuku alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Baba naye alicheka hata akafuta macho.

Wewe unayesoma pengine umeshaona. Yeye hakuona. Kinyozi hajinyoi: huyu msichana aliyeweza kukuonyesha mauti ndani ya shairi la maua alikuwa amelala na hadithi hiyo utoto wake wote, asijue imelala na nani.

Basi, baada ya kumpa mume suruali na mke sufuria, Kasuku akaandika uchambuzi. Aliandika kwa raha, kalamu inateleza. Alisema kwamba hadithi inawafundisha wasichana kukaa. Alisema mke yule hana jina, hana miguu, hana hata wazo la kutoka nje akatafute moto wake mwenyewe. Amegeuka kuwa samani. Akambatiza Bibi Sufuria. Na ili wenzake wacheke, akamalizia kwa mstari aliouona mtamu sana: Bibi Sufuria, hana moto, hana mume, hana akili.

Walicheka kweli. Paka akachora picha: mwanamke amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wazi, sufuria mapajani, buibui ametanda utando kutoka kwenye sikio lake mpaka kwenye mwiko, macho pembeni, mdomo wazi. Chini yake akaandika mstari ule wa Kasuku kwa Kiingereza. Picha ikawekwa juu ya ukurasa wa kundi lao. Tangu hapo mtu akichelewa kutuma kazi aliambiwa, "Usitufanye Bibi Sufuria." Mhadhiri aliusifu uchambuzi ule mbele ya darasa zima, akasema una meno. Kasuku alitembea siku kadhaa kama amevaa viatu vipya.

Kisha mhadhiri akaja na jambo jipya. Katika kikao cha mwisho, alisema, kila kundi limlete msimuliaji mmoja, mwenye hadithi mwenyewe, asikike kwa sauti yake. Kundi likamchagua baba yake Kasuku kwa kauli moja. Kasuku akasema Baba ana kazi nyingi. Akasema mtandao wa kwao mbaya. Ukweli ni kwamba aliona aibu: aliwaza vumbi la sponji kwenye nyusi za Baba, misumari midomoni, kochi lililopasuliwa tumbo nyuma yake. Wenzake walijua amelelewa na hadithi. Hakutaka waone mahali alipolelewa.

Lakini mhadhiri alitaka jibu la mwenyewe, kwa hiyo ilimbidi amwulize, akitumaini atakataa.

Baba aliitoa misumari yote mdomoni akaiweka kiganjani. "Hadithi yangu? Hiyo ya sufuria?"

"Ndiyo."

"Imefika huko kote?"

"Imefika, Baba."

Akafuta mikono yake kwenye suruali taratibu, mbele na nyuma. "Basi nitanyoa," akasema.

Na kweli siku ya kikao alikuwa amenyoa, akavaa shati la harusi za watu, akafagia karakana. Kochi la mteja lililokuwa tayari alilivuta mbele ya kompyuta, akaketi ukingoni kama mgeni. Mlango aliuacha wazi. Kasuku alitaka kuufunga, akamwona Baba anavyojinyoosha kola, akaacha.

"Shikamoo, mzee," Mama Mapacha akasema kutoka kwenye kisanduku chake, pacha mmoja kambeba begani.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wapo wanaosema?"

"Tupo, mzee."

Baba akafurahi, mabega yakashuka. Akagonga kopo. Akauliza kama wamelala. Kasuku akatafsiri, na watu wa nchi kadhaa wakajibu kwa lafudhi zao, "Bado!" Hadithi ikaanza. Baba akasimulia, Kasuku akafuata nyuma kwa Kiingereza. Baba alisema "akatoka", Kasuku akasema mume akatoka. Baba alisema "yule aliyebaki", Kasuku akasema mke, maskini. Kwenye uso wa zuzu Koti na Paka waliangua kicheko na kutazamana kupitia vioo, kwa sababu uso wa Baba ulikuwa ule ule wa mchoro; Paka aliuchora akifuata maelezo ya Kasuku. Baba aliona wanacheka, akauongeza.

Kisha Koti akanyoosha mkono. "Tafadhali mwulize. Kwa nini huyu mke hakwenda kumtafuta mumewe? Kwa nini akae tu?"

Kasuku akamgeukia Baba. "Anauliza, kwa nini yule aliyebaki hakumfuata mwenzake."

Swali lilivua nguo zake njiani likafika kwa Baba likiwa tupu, mtu na mwenzake, kama lilivyokuwa zamani. Baba akatazama kopo lililokuwa mkononi mwake.

"Mwambie nilimfuata," akasema.

Kasuku alifungua mdomo kutafsiri, mdomo ukabaki hapo.

"Nilimfuata mpaka stendi," Baba akaendelea, kwa sauti ile ile ya kujibu swali la mgeni mstaarabu. "Mtoto mgongoni, ana homa, analia. Wakaniambia gari limeshaondoka. Sasa na mtoto wa chupa ningefika wapi? Nikarudi. Halafu mwambie hivi: watu wawili wakipotezana, wote wakizunguka hawaonani. Mmoja lazima akae pale panapojulikana."

Herufi ilikuwa imebadilika. Baba aliingia katika swali na "a" akatokea upande wa pili na "ni", wala yeye mwenyewe hakuonekana kuisikia. Kasuku aliisikia. Koti na Paka walikuwa bado wanatabasamu, wanasubiri tafsiri. Mama Mapacha alikuwa amejifunika mdomo kwa kichwa cha mtoto wake.

Sentensi moja tu ingetosha. Angesema, amesema aliyebaki ni yeye. Angesema, nilikosea tangu mwanzo. Lakini mhadhiri alikuwepo, na darasa zima, na sifa zile za uchambuzi wenye meno, na kila mmoja wao alishamcheka Bibi Sufuria.

"Anasema hadithi yenyewe haielezi," Kasuku akasema kwa Kiingereza. "Imeachwa hivyo."

Koti akaandika. Baba akamtazama binti yake kwa fahari, kwamba maneno yake yote yale yametoshea katika Kiingereza kifupi namna ile.

"Pole, mzee," Mama Mapacha akasema.

"Nimeshapoa, mwanangu," Baba akajibu. "Mtoto mwenyewe si huyu hapa anawatafsiria?"

Kikao kilikuwa kinakwisha. Baba akasogea karibu na kioo, akakodoa. Nyuma ya Paka, ukutani, mchoro ulikuwa umebandikwa. "Na yule mama mwenye sufuria?"

Paka, kuona ananyooshewa kidole, akaubandua kwa furaha na kuuleta mbele ya kamera mpaka ukajaa.

"Ndiye aliyebaki?" Baba akauliza. "Mmemfanya mwanamke."

"Ndiyo, Baba."

Kasuku alingoja. Baba akatikisa kichwa polepole, anakubali. "Mmefanya vizuri. Mwanamke akisubiri, watu humhurumia. Mwanamume wanamcheka tu." Akaitazama picha tena. "Walimhurumia?"

"Sana, Baba," Kasuku akasema.

Siku zilizofuata hakuwa na pa kuuweka uso wake. Alikula ameinama. Baba alikuwa amechangamka kuliko alivyokuwa kwa muda mrefu. Aliwasimulia wateja kwamba hadithi yake sasa iko nchi za watu, na kwamba huko wamemchora mhusika wake. Kila alipoisimulia habari hiyo, Kasuku alihisi kama mtu anayesikia jina lake likitajwa polisi. Mkuki kwa nguruwe: uchambuzi ule ule uliokuwa mtamu alipomchoma mwanamke asiyemjua, sasa hakuweza kuusoma hata aya moja. Aliufungua, akakuta neno "samani", akaufunga. Baba alikuwa ameketi pale pale, anamshonea mtu samani.

Mama Mapacha alimtumia ujumbe. "Mimi sikusema, kwa sababu ni lako kusema. Lakini usiniache nalo peke yangu. Nami nilimcheka."

Kasuku akaigeuza simu kifudifudi.

Baba naye hakusahau picha. Alimwomba amchapishie, aitundike karakana. Kasuku akasema atafanya. Akasema duka la kuchapisha limefungwa. Akasema wino umekwisha. Baba, mtu aliyejua kusubiri, hakusumbua. Aliuliza tu tena siku nyingine, kwa upole ule ule, na upole huo ndio uliomshinda. Akaenda kuichapisha. Mpango wake ulikuwa rahisi: akifika nyumbani atachukua mkasi mkubwa wa vitambaa, atakata yale maandishi ya chini, abaki mwanamke na sufuria yake bila neno.

Alimkuta Baba amesimama mlangoni. Nafasi ukutani ilikuwa imeshafutwa vumbi.

"Lete tuione."

Baba akaishika kwa ncha za vidole, asiipake gundi ya makochi. Misumari minne ilikuwa tayari midomoni mwake, mmoja kwa kila pembe. Akaitazama kwa raha, akacheka kidogo alipomwona buibui. Kisha macho yakashuka chini.

"Yanasemaje haya?"

Mkasi ulikuwa mezani, mbali na mkono wake. Uongo ulikuwa karibu zaidi. Maneno mazuri ya kumpa yalikuwepo tele: Aliyebaki. Mwaminifu. Mwenye kungoja. Baba asingejua kamwe. Lakini angeitundika picha ukutani na maandishi yake yale yale, na kila mteja anayejua Kiingereza angeyasoma na kumtazama mzee anayejisifia chini yake, na Kasuku angekuwepo kila siku, ameketi kati ya sponji, anasikiliza.

"Yanasema," akasema, kisha akaanza upya. "Yanasema, Bibi Sufuria, hana moto, hana mume, hana akili." Akayanyooshea kidole yale maandishi. "Mimi ndiye niliyeyaandika, Baba. Paka alinakili tu. Hawakumhurumia. Tulimcheka. Nilifundisha darasa zima kumcheka. Sikujua kama ni wewe."

Baba akautoa msumari mmoja, akautazama kama aliyeukuta ndani ya kochi la mtu, akaurudisha mdomoni. Nje mtu alipita akiuza kitu na sauti yake ikaingia yote kwa mlango ule, ikatoka.

"Hapo katikati tu ndipo ulipokosea," Baba akasema mwishowe, kwa pembeni mwa mdomo. "Kwenye mume. Kwingine umetafsiri sawasawa."

"Baba, nisamehe."

"Hata mimi nilikuwa nakuchekesha nayo, Kasuku. Ulitaka ucheke na nini?"

Akaigonga picha ukutani, pembe zote, na maandishi yake chini. Kasuku alimwomba aishushe. Baba akasema kijana wa watu amejitahidi kuchora, si vizuri. Akarudi kwenye kochi lake, na nyundo yake ilikwenda kama siku zote, labda polepole kidogo.

Kundi lilibakiwa na mkutano mmoja, wa kumalizia ripoti. Kasuku alikuwa amekata shauri kuwaambia. Alipitia kazi nzima akabadilisha kila mahali, mke akawa mume, yeye wa kike akawa yeye wa kiume. Uchambuzi wake aliufuta wote akaacha ukurasa mtupu. Alijua Koti atauliza kwa nini. Alijua mhadhiri atasoma. Aibu hiyo alishaikubali, ilikuwa yake.

Saa ya mkutano ilipofika alibeba kompyuta kwenda chumba cha mbele, na kabla hajaketi akahisi kuna kitu si cha kawaida. Palikuwa kimya. Palikuwa na giza kidogo, saa za mchana. Baba alikuwa ameinama kwenye fremu ya kiti, na nyuma yake mlango ulikuwa umefungwa.

"Mbona umefunga, Baba?"

"Vumbi."

"Wateja watadhani..."

"Wakinihitaji watabisha. Mikono wanayo."

Kasuku akaenda akaufungua. Honi zikaingia, mwanga ukaingia, akauwekea mguu wa kiti usirudi. Baba akangoja mpaka binti yake ameketi. Kisha akainuka, akakiondoa kile kiti bila haraka, akaurudisha mlango mahali pake, na kitasa kikalia.

"Soma, mama," akamwambia, na hakukuwa na hasira yoyote katika sauti yake. "Miaka yote unalalamika kelele."

Kioo kikawaka. Wenzake walikuwepo wote: Koti na pua yake nyekundu, Paka nyuma ya mkia, Mama Mapacha na mtoto begani.

"Ajabu," Koti akasema, akitabasamu. "Leo sauti yako safi kabisa, hakuna honi wala nini. Mmehama?"

"Hapana," Kasuku akasema. "Baba amefunga mlango."

Mama Mapacha akainamisha uso. Koti na Paka walikuwa bado wanatabasamu, wanasubiri, na Kasuku akaanza kuwaeleza Bibi Sufuria ni nani.